Mzigo Ulifungwa São Paulo

Mwanachuo akifika mwaka wa tatu, maongezi ya vimbwetani hubadilika. Habari za boom na sapu zinawekwa kando, zinaingia habari za kuondoka: nani kapata skolashipu ya Uturuki, nani ana mjomba Kanada, nani kaitwa kufundisha Kiswahili Marekani. Sina ugomvi na anayetaka kuondoka. Nikipata nafasi, nami nafunga begi. Ugomvi wangu ni na ile imani kwamba mtu huanza kuwa mtu akishavuka bahari, na kwamba haya tunayoyafanya hapa, pamoja na walimu wanaotufundisha, ni kusubiri basi tu.

Hoja yangu ina jina. Anaitwa Eliane Elias.

Kwa asiyemfahamu, na najua ni wengi maana muziki wake haupigwi kwenye bajaji: ni Mbrazili, mpiga piano na mwimbaji wa jazi, anayeishi Marekani tangu mwaka 1981. Idadi ya albamu zake imeupita umri wangu, na mimi nina miaka 22. Amechukua tuzo mbili za Grammy, ya kwanza mwaka 2016 na ya pili mwaka 2022. Na ninaposema jazi, msije mkadhani namaanisha Morogoro Jazz au Western Jazz. Bendi zetu za dansi zilichukua jina hilo na kulifanyia mambo yao, mazuri tu. Hapa nazungumzia jazi ya Marekani, ile ambayo mpigaji hupewa wimbo unaojulikana, kisha anaachiwa abuni papo hapo mbele ya watu, na wenzake wanamfuata huko huko anakokwenda.

Ukisoma wasifu wake kwa haraka utaona New York, New York, New York. Kampuni kubwa ya rekodi, New York. Waume wawili, wote wanamuziki wa jazi, New York. Ni rahisi kufunga ukurasa na kusema unaona, angebaki kwao asingekuwa kitu. Tuusome taratibu basi.

Alizaliwa São Paulo mwezi Machi 1960. Mama yake alipiga piano ya klasiki, na nyumbani kulikuwa na santuri za jazi. Binti akaanza kujifunza piano na miaka saba. Hapo hakuna la ajabu. Watoto wengi wa familia za namna hiyo huanzishwa piano, na wengi huiacha. La ajabu linakuja alipofika miaka 12. Wakati huo alikuwa anakaa na santuri za wakubwa wa jazi, anasikiliza solo zao, anaziandika noti kwa noti kwa kutegemea sikio.

Hebu fikiria kazi hiyo inafanyikaje. Unaweka sindano juu ya santuri, unasikiliza sekunde nne au tano. Unainua sindano. Unazitafuta zile noti kwenye piano, unazikosa, unarudisha sindano. Ukizipata, unajiuliza kidole gani kilianza, maana ukianza na kidole kibaya mwendo hautoki. Kisha unaandika, unaendelea na sekunde tano nyingine. Solo ya dakika mbili inaweza kukumalizia wiki nzima. Hakuna mtihani, hakuna maksi, na hakuna mtu wa kukuambia umepatia, isipokuwa ile santuri yenyewe.

Sisi wa ualimu tumefundishwa kuogopa neno moja kuliko yote: kukariri. Kila kozi ya mbinu za kufundishia inaanza na kulaani kukariri. Nakubali, mtu anayemeza majibu ya pasti pepa na kuyatapika kwenye UE hajajifunza kitu. Ila tumelaani mpaka tukavuka mpaka, tukaona kila kuiga ni ujinga na kila mwanafunzi ni lazima “agundue mwenyewe”. Elias aliiga. Aliiga kwa miaka, kwa ukali ambao sidhani kama wengi wetu tungeuvumilia. Anayemeza pasti pepa anabeba jibu bila kujua lilikotoka. Anayenakili solo kwa sikio analazimika kuipita upya njia ya aliyeipiga: alifika hapa kutokea wapi, kwa nini aliiacha noti hii ya wazi akachagua ile ya pembeni. Ukishafanya hivyo mara mia, kubuni kwako mwenyewe kunapata mahali pa kusimama. Haya nayasema kama mwanafunzi wa elimu, na nipo tayari kubishana na mwanakozi yeyote.

Ubishi wenyewe unanileta kwenye shule. São Paulo kulikuwa na kundi la watu watatu lililoitwa Zimbo Trio: Amilton Godoy kwenye piano, Luiz Chaves kwenye besi, Rubinho Barsotti kwenye dramu. Katikati ya miaka ya 1960 ndio waliokuwa wakipiga nyuma ya Elis Regina kwenye kipindi maarufu cha televisheni, na Elis Regina kwa Wabrazili ni kama ukimtaja Bi Kidude Zanzibar, huhitaji kueleza. Watu hao wangeweza kuendelea kula jina lao. Wakafungua shule, wakaiita kwa kifupi CLAM, yaani kituo huru cha kujifunza muziki. Wapigaji wa jukwaani wakaingia darasani, na Elias akawa mwanafunzi wa Godoy.

Alipofikisha miaka 15, shule hiyo ikampa kazi ya kufundisha piano na kubuni.

Nimesimama kwenye sentensi hiyo muda mrefu. Miaka 15 kwetu ni kidato cha pili. Aliyewahi kwenda BTP anajua kinachompata mtu siku ya kwanza mbele ya darasa: kitu ulichodhani unakijua kinayeyuka pale mtoto wa dawati la nyuma anapouliza “kwa nini?” Mikono inaweza kupiga vizuri bila mdomo kujua sababu. Mwanafunzi akikuuliza kwa nini umehamia pale, huwezi kumwambia “nimesikia tu”. Lazima ukifumue kile ulichokifuma, kipande kwa kipande, kisha ukifume tena akiona. Kufundisha kubuni ni kugumu zaidi maana hakuna jibu kitabuni. Kwa hiyo tunapomsifu Elias kwamba ana mpangilio mzuri kichwani, kwamba hata akikimbia kwenye piano hapotezi uzi, tukumbuke kuna miaka aliyoitumia kuwaeleza wengine uzi uko wapi.

Kwenye miaka 17 akaitwa na Toquinho, mpiga gitaa na mwimbaji, pamoja na Vinicius de Moraes. Huyu Vinicius si mtu wa kupita juu juu. Alikuwa mshairi na mwanadiplomasia ambaye serikali ya kijeshi ilimwondoa kazini mwishoni mwa miaka ya 1960. Ndiye aliyeandika maneno ya “Garota de Ipanema”, wimbo ambao hata kama huujui kwa jina umeshausikia kwenye lifti ya hoteli. Muziki wake uliandikwa na Antônio Carlos Jobim. Binti wa miaka 17 akapanda jukwaani na wazee hao, akazunguka nao, mpaka Vinicius alipofariki Julai 1980.

Sasa tupige hesabu. Anapopanda ndege mwaka 1981 ana miaka 21, umri ambao wengi wetu tunaandika CV ya kwanza na kujaza nafasi kwa neno “mchapakazi”. Yeye anaondoka na miaka 14 ya piano, miaka kadhaa ya kufundisha na miaka mitatu ya jukwaa pamoja na mtu aliyeandika nusu ya nyimbo ambazo dunia inaziita Brazili. New York haikumpa hata kimoja katika hivyo. New York ilimkuta navyo.

Najua pingamizi linalokuja. Kama nyumbani kulitosha, kwa nini akaondoka? Swali zuri. Nyumbani kulitosha kumfundisha. Kwa aina ya kazi aliyoitaka, hakukutosha kumfikisha. Jazi ina kwao, kama taarabu ilivyo na kwao. Waliopiga kwenye zile santuri alizozinakili waliishi na kufanya kazi New York, na mpiga besi Eddie Gómez, aliyekaa miaka 11 na Bill Evans, ndiye aliyemtia moyo aende huko baada ya kukutana naye Ulaya. Wapo wanaopenda kuifanya kila safari ya msanii wa Brazili wa zama zile kuwa uhamisho wa kisiasa. Ni kweli jeshi lilitawala kuanzia 1964 hadi 1985, na ni kweli Gilberto Gil na Caetano Veloso walifungwa kisha wakaishi London mpaka 1972. Elias hakufukuzwa na mtu. Alifuata kazi, na tusimpe historia isiyo yake ili ionekane nzito zaidi.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na sina dawa yake. Nyumbani kwao kulikuwa na piano. Mama alijua kuipiga. São Paulo, wakati ule na hata leo, ina mamilioni ya watoto ambao hawajawahi kuigusa piano, na miongoni mwao labda kulikuwa na sikio kama lake au kali zaidi. Nikisema mzigo ulifungwa nyumbani, lazima niseme pia ni nyumba ya namna gani.

Turudi New York. Mwaka 1982 aliingia kundi la Steps Ahead, na mwaka uliofuata likatoa albamu yenye jina hilo hilo. Tazama alikaa na nani: Mike Mainieri, Michael Brecker kwenye saksafoni, Peter Erskine kwenye dramu, na huyo Eddie Gómez. Wanaume wanne waliokwisha kukomaa, na msichana wa miaka 22 kwenye piano. Huo ndio umri wangu, ndiyo maana naurudia.

Mle ndani alikuwa mpiga piano, basi. Kwangu hili ni kubwa, na nitaeleza. Tangu mwaka 1964, Astrud Gilberto alipotamba duniani kwa toleo la Kiingereza la “Garota de Ipanema”, masikio ya Marekani yalikuwa yameshamwandalia mwanamke wa Kibrazili kiti chake: sauti laini, ufukwe, jua linazama. Astrud mwenyewe simlaumu, wala sauti yake sina neno nayo. Ila kiti kile kilikuwa kidogo. Mwimbaji wa kike akija kutoka Rio au São Paulo, angeweza kukalishwa pale na kuambiwa asisogee. Elias aliingia kwa mlango wa wapigaji, mlango ambao humo watu hawakuulizi unatoka wapi. Wanahesabu “moja, mbili, tatu, nne” na wewe unapiga au hupigi.

Kuimba kulikuja kidogo kidogo. Mwaka 1990 alitoa albamu ya nyimbo za Jobim, na jina lake linasema wazi kwamba anazipiga. Ilipofika 1998 akatoa nyingine ya Jobim yule yule, safari hii jina likisema anaziimba. Kati ya hizo mbili kuna miaka minane, na ukizisikiliza moja baada ya nyingine unamsikia mtu anayejipa ruhusa.

Nitasema ukweli kuhusu sauti. Si kubwa. Ukimweka karibu na Elis Regina atazimwa kama mshumaa. Ni sauti ya chini, ya karibu, kama ya mtu anayekusimulia kitu na hataki meza ya jirani isikie. Lakini mkono wa kushoto wa mtu yule yule ndio unaompigia, na hapo mambo yanabadilika. Mwimbaji wa kawaida akichelewesha neno, mpiga piano humsubiri au humkosa. Elias akichelewesha neno, vidole vyake vimeshajua kabla ya wewe kujua.

Na vile vidole vinapiga nini? Bossa nova ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 pale João Gilberto alipoichukua samba, muziki wa ngoma nyingi na watu wengi barabarani, akaiingiza yote ndani ya gitaa moja. Kidole gumba kikafanya kazi ya surdo, ile ngoma kubwa inayoshika mapigo. Vidole vingine vikapiga midundo ya tamborim, kile kingoma kidogo cha fimbo. Ukitaka kuihamishia piano inabidi utafsiri tena, na piano ni nzito, ina sauti inayobaki hewani, ukizubaa samba inageuka tope. Elias anaicheza nyepesi. Husomeshwi jambo hilo kwa semesta moja New York. Ni kama kumsomesha mtu wa bara mwendo wa chakacha kwa slaidi.

Zipo nyakati ambapo ule mzigo wa nyumbani ulifunguliwa waziwazi. Nikipenda kimoja, ni hiki. Bill Evans, mpiga piano Mmarekani, alifariki Septemba 1980. Muda mfupi kabla ya hapo alimpa mpiga besi wake wa mwisho, Marc Johnson, kaseti yenye vipande vya muziki ambavyo havijatoka. Miaka ikapita. Johnson akaja kuwa mume wa Elias. Mwaka 2008 ikatoka albamu yake ya kumuenzi Evans, na ndani yake umo muziki kutoka kwenye ile kaseti. Ili uingie kwenye albamu, ilibidi mtu akae chini, asikilize kanda, aandike noti kwa noti. Aliyekaa chini ni yule yule aliyekuwa akiinua sindano ya santuri São Paulo akiwa na miaka 12.

Mengine nayapita haraka: mwaka 1995 alitoa albamu iliyokuwa na vipande vya piano mbili pamoja na Herbie Hancock, na mwaka 2021 akafanya hivyo hivyo na Chick Corea, aliyefariki mapema mwaka huo kabla albamu haijatoka, na Chucho Valdés wa Kuba. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyompa Grammy ya pili. Zote mbili, ya kwanza na ya pili, alipewa katika kundi la jazi ya Kilatini. Hapo nanung'unika kidogo. Miaka 40 nchini kwao, amempiga Evans, amempiga Bach, na bado rafu aliyowekewa ni ya kule alikotoka. Labda mwenyewe hajali. Mimi ningejali.

Na kuondoka kulikuwa na bei yake. Albamu ya kwanza aliyoirekodi Brazili tangu ahamie Marekani ilitoka mwaka 2015. Hesabu mwenyewe: 1981 mpaka 2015. Miaka 34 ya kuupiga muziki wa kwenu katika studio za watu, ukiwaeleza wapigaji mdundo ambao jirani yako wa utotoni asingehitaji kuelezwa. Hatuelezani habari hizi pale vimbwetani tunapohesabu nauli ya ndege. Albamu hiyo ndiyo iliyompa Grammy ya kwanza.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2017, alitoa albamu nyingine ya kuadhimisha miaka 100 ya samba kwenye santuri. Akamwita Toquinho, na ndani yake mna wimbo waliotunga wote wawili alipokuwa bado kijana wa São Paulo.

Na akamwita mwalimu. Wenzangu wa kitivo cha elimu, sisi tunaoambiwa kila siku kwamba ualimu ni wa waliokosa kozi nyingine, jina hili mlishike: Amilton Godoy. Hakuhamia New York. Alikuwa na jina lake tayari akafungua shule, akamwona mtoto wa miaka 15 akamkabidhi darasa. Kwenye albamu ile, ya mpiga piano anayejulikana dunia nzima, kuna sehemu ambapo Elias anaimba na kiti cha piano amekaa mzee Godoy.